Mashine Zinazotafuta Kwao

Kila nilipoiwasha, kompyuta ile ya zamani iliniambia kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2002. Niliirekebisha mara nyingi. Nikaiwekea mwaka wetu, nikaizima, umeme ukakatika usiku, na asubuhi nikaikuta imerudi palepale. Fundi alinieleza kwamba kosa ni la kibetri cha mviringo, ukubwa wa sarafu, kilichopachikwa kwenye ubao wake wa ndani. Kazi yake ni kuitunzia saa mashine inapolala. Kikifa, mashine husahau umri wake na kurudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Kibetri chenyewe kinaitwa CR2032, kinapatikana mjini, na bei yake haiwezi kumnyima mtu usingizi. Miaka ikapita sikukinunua.

Tarehe ile haikunipa raha, ila ilinishika. Januari 2002 Bujumbura ilikuwa hivi: serikali ya mpito iliyozaliwa na mkataba wa amani wa Arusha ilikuwa na miezi miwili tu, kwani ilianza kazi tarehe 1 Novemba 2001. Vilimani juu ya mji bunduki zilikuwa bado zinalia. Amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza 1993, ilikuwa imebakiza miaka minne ya kutufungia milango. Iliondolewa Aprili 2006. Mashine yangu iliamka kila siku katika mji huo. Nikijaribu kuiingiza kwenye intaneti ilikataa, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti iliviona vimetolewa siku ambazo bado hazijafika. Machoni pake sisi sote tulikuwa watu wa baadaye, na watu wa baadaye hawaaminiki.

Jirani zetu wa Rwanda huiita kompyuta mudasobwa, yaani asiyekosea. Nadhani aliyelibuni jina hilo hakuwahi kukaa mbele ya mashine yenye kibetri kilichokufa. Wataalamu wa Kiswahili walituletea ngamizi, kisha tarakilishi. Kamusi zimeyapa vyumba, mtaani hayakupata hata mkeka. Kirundi kimechukua orudinateri kwa Wafaransa. Sisi wa Kiswahili cha Bujumbura tunasema kompyuta, tunaendelea na shughuli.

Mashine yangu haikuwa peke yake. Ofisi niliyoifanyia kazi miaka mingi, nikichapa na kutafsiri, ilifunga milango, na badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho tukagawiwa vyombo. Mimi nilipata fungu langu: kompyuta hiyo ya mezani, ambayo kasha lake lilikuwa jeupe na sasa lina rangi ya chai ya maziwa, monita ya inchi 17 ya ule mtindo wa zamani wenye kisogo, klavye ya Kibelgiji, printa ya Epson ya sindano inayolia kama cherehani yenye hasira, na laptopu moja ya juzijuzi. Vyote vikahamia koridoni kwangu, Nyakabiga, chini ya kitenge kilichochuja. Wageni wakawa wanaegemeza miavuli hapo.

Siku moja mwenzangu, akipita kwa mara ya elfu upande upande na beseni la nguo, akauliza: "Hivi hawa wageni wako watakwenda kwao lini?"

Lilikuwa swali la mtu aliyechoka kupita upande upande, lakini neno moja lilinibakia. Kwao. Kiswahili hakichanganyi nyumba na kwao. Nyumba unapanga, mwezi ukiisha unalipa au unafukuzwa. Kwao mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake, ambako hata asipoonekana miaka kumi jina lake linatajwa. Na akifa ugenini, ndugu huchanga pesa za gari ili akazikwe huko. Mtu anaweza kuishi Bujumbura miaka 40, akajenga, akaoza mabinti, na siku ya msiba ukasikia: anapelekwa kwao. Nilipoanza kuvitafutia vyombo vyangu mahali, nilidhani natafuta nyumba. Nyumba zilipatikana, na nyingine kwa urahisi wa kushangaza.

Nilianza na shule, kama wanavyoanza wote. Anayetaka kuondoa kitu kizee na wakati huohuo ajisikie mwema, huikumbuka shule. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, akanisikiliza, kisha akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu, mwalimu." Akanipeleka kwenye chumba chenye kufuli na kibao cha shukrani mlangoni. Ndani kulikuwa na kompyuta 15, kila moja na monita yake yenye kisogo, zimepangwa kwa safu kama wanafunzi watiifu. Buibui walikuwa wamezifunga pamoja. Siku kompyuta hizo zilipofika, alisema, walizipigia hata ngoma. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu wa kwanza wa kompyuta alipata kazi kwingine, wa pili hakupatikana, lakini kilichoua chumba hasa ni kashpawa, mita ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia.

Tukapiga hesabu palepale kwenye vumbi la meza. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na monita ya namna ile hula wati 200 hivi. Mara 15, ni kilowati 3. Saa moja ya somo kwa darasa moja ilikuwa inakula umeme ambao taa za ofisi yake zingekaa nao siku kadhaa. Na hiyo ni shule yenye umeme. Katika Burundi nzima, ni kama mtu mmoja kati ya kumi ndiye aliye nao nyumbani.

"Ukiniletea ya kumi na sita," aliniuliza kwa upole, "utaniletea na kashpawa yake?"

Sikuwa na jibu. Nilichojifunza katika chumba kile ni kwamba kompyuta kuukuu inafanana na tembo wa bure: huulizwi bei ya tembo, unaulizwa majani. Na haya yanajulikana. Yapo mashirika yaliyojengwa kwa kazi hii, kama Computer Aid International iliyoanzishwa London miaka ya 1990, au Close the Gap ya Brussels iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kazi yao ni kukusanya kompyuta za maofisi ya Ulaya, kufuta diski na kujaribu mashine moja moja kabla ya kuzisafirisha. Walio makini huuliza nani atafundisha na nani atatengeneza. Chumba nilichokiona hakikutoka kwa watu wa aina hiyo. Kilitoka kwa watu wema waliokuwa na kontena.

Laptopu nayo ilikuwa na kisa cha aina yake. Yenyewe ilizeeka usiku mmoja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haiitaki mashine isiyo na prosesa mpya kiasi na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Asubuhi ya tarehe 15 niliiwasha: kasi ileile, betri ileile, mkwaruzo uleule kifunikoni. Hakuna kilichobadilika isipokuwa tangazo. Kuna uzee wa mifupa na kuna uzee wa kutangazwa, kama mwezi wa Ramadhani, na huu wa pili hutangazwa mbali sana na hapa. Mashine nyingi za Ulaya na Marekani zitakuwa zimezeeka usiku uleule, na najua njia zitakayopita: Dubai, Mombasa, Dar es Salaam, halafu malori mpaka kwetu, zikiwa zimefutwa vumbi na kubatizwa okazyo, jina tunalokiita kila mtumba wa chuma hapa mjini, neno la Kifaransa lililovuliwa viatu likakaribishwa ndani.

Kijana mmoja alinisaidia. Aliondoa Windows, akaweka Linux, programu ya bure isiyosikia matangazo hayo, na laptopu ikaamka nyepesi kuliko ilivyolala. Nilimwuliza kama anaweza kuiweka kwa Kiswahili, akacheka, akaweka Kifaransa. Nikakumbuka kwamba mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kuandikia na kupigia hesabu kwa Kiswahili. Nilifurahi sana wakati ule. Sikumbuki kumwona mtu hata mmoja akiitumia Bujumbura. Leo hata yenyewe ni kuukuu, na laiti ningekuwa nayo ningeitia kwenye mashine ya mezani. Zingeelewana, zingepiga soga za enzi moja.

Laptopu iko kwa mpwa wangu anayesoma chuo kikuu, pale Mutanga. Anaandikia tasnifu. "Mjomba, haina tatizo," ananiambia kila nikiuliza, na namna anavyonijibu inaonyesha kwamba nauliza mno.

Printa ndiyo iliyoondoka haraka kuliko vyote, na mimi nilidhani itakuwa ya mwisho. Printa ya sindano hugonga karatasi, haipulizi wino, kwa hiyo hupenya nakala tatu za kaboni kwa pigo moja. Kwenye maghala, kwa wasafirishaji, popote fomu inapotakiwa kubaki nakala moja kwa dereva, moja kwa karani na moja kwa mwenye mzigo, chombo hicho bado ni mfalme. Niliyempa alikuja kabla ya jua kuwa kali na hakuniachia hata nafasi ya kumweleza kasoro zake.

Kompyuta ya mezani ilihitaji kuandaliwa. Ndani yake kulikuwa na diski ya gigabaiti 40, na ndani ya diski kulikuwa na kazi yangu ya miaka ile. Mwaka 2002 ulianza urejeshaji wa wakimbizi waliotaka kurudi kutoka Tanzania, na ofisi yetu, kwa sehemu yake ndogo, ilishika orodha. Kila mstari mtu mmoja: jina lake, la baba, la mama, mlima aliozaliwa, kambi aliyotoka. Lukole. Mtabila. Kanembwa. Safu ya mwisho niliipa kichwa cha habari mwenyewe, kwa sababu bosi alitaka neno fupi: "Anakwenda." Hao nao walikuwa wanatafuta kwao, na wengine, nakumbuka, walikuta kwao kumekaliwa na mtu mwingine.

Nchi hii ina historia na orodha za majina. Aliyekuwa mtu mzima mwaka 1972, watu walipochukuliwa kwa orodha wakauawa, haambiwi. Ningeipa mashine mtu mwingine na majina yale ndani, ningekuwa nimegawa kitu kisicho changu. Watu wengi hudhani kufuta ni kufuta. Ukifuta faili, kompyuta hailigusi faili lenyewe. Inachofuta ni anuani yake. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu kizima kabatini. Ili maneno yaondoke kweli lazima uandike kitu kingine juu yake, kwa kawaida sifuri, mwanzo wa diski mpaka mwisho. Kazi ya chini ya saa moja kwa diski ndogo kama ile. Mimi ilinichukua usiku kucha, maana umeme wa Regideso, shirika letu la maji na umeme, ulikatika mara mbili katikati ya sifuri. Kabla sijaanza nilifungua orodha ya mlima mmoja, nikasoma, nikafunga.

Nyumba ya kompyuta hiyo nimeipata kwenye sekretaria publiki, mojawapo ya vile vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi vinavyoshikilia nusu ya makaratasi ya mji huu: barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, tasnifu za wanafunzi wasio na mjomba. Mama mwenye kibanda hakuvutiwa na kasha. Alivutiwa na klavye. Mashine zinazotoka Dubai huja na herufi zilizopangwa Kiingereza, QWERTY, wakati vidole vyake vililelewa kwa AZERTY, tena ya Kibelgiji, ambayo hata Mfaransa humpotosha: alama ya barua pepe Mbelgiji ameiweka kwenye namba mbili, Mfaransa ameiweka kwenye sifuri. Alikaa, akafumba macho, akachapa mstari mzima bila kuangalia. "Hii inanijua," alisema.

Siku niliyompelekea nilinunua kibetri. Sikutaka aamke kila siku katika ule mwaka.

Lakini monita aliikataa. Alikuwa na kioo bapa tayari, na meza yake ina upana wa dhiraa moja. Kisogo cha monita kingemsukuma yeye nje barabarani. Ndoa ya miaka zaidi ya ishirini ikavunjika mbele yangu, nikarudi Nyakabiga na mmoja wao.

Niseme ukweli: haina ubaya wowote. Ukiiwasha inanguruma kifuani, picha inatokea polepole, na ukipitisha mkono karibu na kioo nywele za mkono zinasimama. Rangi zake ni nzuri. Ina uzito wa mtoto wa miaka minne. Kwa wiki kadhaa niliitangaza kwa kila niliyemjua, na ndipo nikajua kwamba kuna kitu kinachoweza kuwa kizima, cha bure, na kisitakiwe na mtu.

Nikamlipa kijana mwenye toroli, tukakata Bwiza mpaka Buyenzi. Kama kuna mahali Bujumbura ambapo chuma hakifi, ni Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu mji ulipoitwa Usumbura. Huko gari lililokwisha hugeuka magari matatu yanayotembea. Neno la kazi ni kuchinja: kifaa kibovu kinachinjwa, kila kiungo kinapata mlaji wake. Nimeona pale kisanduku cha umeme cha kompyuta kikigeuzwa chaja ya betri za gari, feni ya kupoza prosesa ikimpoza muuza samaki, na kasha tupu likiwa droo ya misumari. Wazungu wana neno la heshima kwa jambo hili na wanalifanyia mikutano. Buyenzi wanasema bismillahi, wanachukua bisibisi.

Fundi niliyemwendea ananijua. Aliiangalia monita ikiwa bado torolini.

"Alaa, mwalimu. Umeniletea televisheni ya babu?"

"Chukua bure, fundi."

"Hiyo bure yako ndiyo inayonitisha." Akaninyooshea kidole nyuma ya kibanda. Chini ya bati zilikuwa zimekaa nyingine tano, zimegeuziana visogo kama watu waliogombana. "Mvua ikitaka kunyesha nazifunika. Ukiniuliza kwa nini, sijui."

Akanielekeza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hatua chache mbele. Yeye hakuwa na huzuni. Alisema atavunja shingo, atoe shaba iliyozungushwa pale nyuma, achukue nyaya na ubao, na kioo ataniachia. Nikamwuliza kioo nikiweke wapi. Akatazama mtaro.

Hapa lazima nieleze kilichomo kwenye kioo hicho, kwa sababu mnunuzi yule hakujua, na mimi nisingejua kama nisingekuwa mtu wa kusoma makaratasi ya watu. Monita za namna hii hutengeneza picha kwa kurusha elektroni kwa nguvu kutoka shingoni hadi kwenye kioo cha mbele. Urushaji huo huzaa mionzi ya eksirei. Ili mionzi isimfikie aliyekaa karibu, watengenezaji walichanganya risasi kwenye kioo, hasa sehemu ile ya nyuma yenye umbo la faneli. Namaanisha risasi ile madini, ingawa ile nyingine nayo tunaijua. Monita moja hubeba kilo moja na zaidi. Miaka yote niliyokaa mbele yake nikichapa majina, kilo hiyo ilikuwa ikinikinga. Ikiwa nzima haimdhuru mtu. Ikivunjwa na kuachwa kwenye mvua, risasi huanza kutoka kidogo kidogo, na kipimo chake kidogo tu kinatosha kumpunguzia mtoto akili asiyoweza kurudishiwa.

Mtaro wa Buyenzi hauko mbali na mto Ntahangwa. Ntahangwa haiko mbali na ziwa. Na Tanganyika si ziwa la kuoshea vitu: lina kina cha mita 1,470, na mto unaotoka ndani yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, maji yake mengi huondoka kwa kupanda juu angani, na jua halibebi risasi. Kinachoingia kinakaa. Regideso huvuta humohumo maji tunayokunywa. Nikimwachia yule bwana kioo mtaroni, nitakuja kukionja kwenye chai, mimi au mjukuu wa mwenye toroli.

Nikamwambia kijana tugeuze.

Angeniuliza mtu kwa nini sikuipeleka jalalani, ningemjibu kwamba jalala letu ni Buterere, na Buterere ni uwanja wazi wenye watu wanaookota. Mahali panapojua kufungua kitu kama hiki papo. Nairobi kuna WEEE Centre. Karibu zaidi, Bugesera nchini Rwanda, kuna kiwanda cha kuchambua taka za umeme kinachoendeshwa na Enviroserve, kampuni ya Dubai. Bugesera inapakana na sisi upande wa Kirundo. Mtu mwenye macho mazuri angeweza kusimama kwetu akaona milima yake. Burundi iliufunga mpaka huo Januari 2024. Na hata mpaka ukiwa wazi, monita iliyokufa haivuki kama gunia la maharage: tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya mkataba wa Basel, taka yoyote ya umeme ikitaka kuvuka mpaka lazima nchi inayopokea iarifiwe na ikubali kwanza kwa maandishi.

Sheria hizo zina sababu nzuri, na Afrika ndiyo iliyozililia. Mwaka 1988 mapipa ya sumu kutoka Italia yaligunduliwa yamefichwa katika uwanja wa mtu huko Koko, Nigeria, na mwaka 1991 mkataba wa Bamako ukakataza kuleta taka za sumu barani. Tatizo ni kwamba monita yangu haikuja kama taka. Ilikuja ikiwaka. Ilivuka bahari na mipaka ikiwa bidhaa, ikalipiwa ushuru au ikasamehewa, na itageuka taka hapa hapa, koridoni, siku moja alasiri, bila afisa wa forodha kuwepo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na kwamba chini ya robo yake ilikusanywa na kuchambuliwa kwa njia rasmi. Afrika haifiki hata asilimia moja. Sisi ndio tunaokaa na mgonjwa mpaka mwisho, na ndio tusio na makaburi.

Kinachonikera zaidi ni kidogo, cha kikarani. Ubelgiji, tangu mwaka 2001, anayenunua kifaa cha umeme hulipa mchango mdogo juu ya bei, kupitia mfumo uitwao Recupel, ili siku kifaa kikifa kikusanywe na kufunguliwa ipasavyo. Kama monita yangu ilinunuliwa kule baada ya hapo, na klavye iliyofuatana nayo inanifanya niamini ilitoka huko, basi gharama za mazishi zilishalipwa. Monita ikasafiri. Pesa ya mazishi ikabaki Brussels. Sitaki kumlaumu aliyeitoa. Huenda alitoa kwa moyo mweupe, na kwa miaka yote ile nilikula mkate wangu mbele yake. Lakini anayetoa kitu kizee na akanyamaza kuhusu kifo chake ametoa nusu, na nusu aliyobaki nayo ndiyo yenye thamani. Sanduku la msaada lingekuja na bahasha ndani: hii hapa nauli ya kurudia. Sijawahi kuiona bahasha hiyo, na nimefungua masanduku mengi.

Wala nisidanganye kwamba huko wameshalimaliza tatizo hili. Zamani kioo cha monita kuukuu kiliyeyushwa kikawa monita mpya. Sasa hakuna anayetaka monita mpya ya aina hii, kwa hiyo kioo chenye risasi kimekosa soko dunia nzima. Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, kampuni iliyolipwa kukichakata iliacha maghala yamejaa mwaka 2016, ikaondoka. Katika hilo mimi, fundi wa Buyenzi na jiji la Columbus tuko sawa, isipokuwa wao wana maghala.

Mwenzangu alipoona toroli linarudi na kilekile lilichoondoka nacho hakusema neno. Alisogeza beseni, akakitandaza kitenge vizuri, pembe kwa pembe.

Kwa hiyo natangaza. Monita ipo Nyakabiga, inchi 17, inawaka. Bei yake ni sifuri, na toroli nitalilipa mimi. Ninachotaka kwa anayeichukua ni jibu la swali moja, tena la kweli: ikifa utaipeleka wapi? Kama jibu ni Buterere, tafadhali usisumbuke kuja.